Aliyelipa kabla ya kupanda ndege

Mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, akiwa na vocha ya wiki moja ya kila kitu ndani, ameshamaliza kulipa. Ndege ameilipia, basi la kumfikisha Nungwi au Kiwengwa amelilipia, kitanda, milo mitatu, bia, mvinyo, hata aiskrimu ya mtoto. Alilipa miezi kadhaa nyuma, akiwa kwake Milano au Warszawa, na fedha yake iliingia akaunti ya kampuni ya hukohuko. Akifika hotelini anafungwa mkanda mkononi, na tangu hapo pochi yake hulala kwenye kasiki la chumbani hadi siku ya kuondoka.

Naandika haya nikiwa Ntobeye, wilayani Ngara, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani hiyo. Huku kwetu ni migomba, maharage, mihogo na kahawa. Lakini mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, na tangu hapo utalii umeingia katika mazungumzo ya vijiwe na ya vikao. Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba wageni wakija, fedha itakuja nao. Siikubali. Mgeni anaweza kuja na fedha isije. Kinacholisha kijiji ni mahali anapolipia na saa anayolipa, na hakuna biashara inayoonyesha jambo hilo waziwazi kama hoteli za kila kitu ndani, zilizoanzia fukwe za kusini mwa Ulaya na leo zimetanda pwani yetu.

Chimbuko lake ni Ulaya iliyotoka vitani. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua kambi ya mahema huko Alcúdia, kisiwani Mallorca, Hispania, akaiita Club Méditerranée. Ilianza kama chama kisichotafuta faida. Wanachama walilala kwenye mahema, wakala pamoja, na walikuwa wamelipa mara moja kabla ya kuja. Baadaye vinywaji vya baa vilianza kulipiwa kwa shanga, ili mgeni asibebe hata noti moja. Blitz alitaka watu waliochoshwa na vita na kuponi za mgao wapumzike na hesabu za kila siku, na ninaamini nia yake ilikuwa njema. Mwaka huohuo Vladimir Raitz aliwapeleka Waingereza Calvi, kisiwani Corsica, kwa ndege ya kukodi. Paundi 32 na shilingi 10 zilibeba usafiri, hema na chakula chenye nyama mara mbili kwa siku. Uingereza nyama ilikuwa ingali kwenye mgao, na ilibaki hivyo hadi 1954. Karani au muuguzi ambaye baba yake hakuwahi kuona bahari ya maji vuguvugu aliweza sasa kwenda, kwa sababu bei ilijulikana mapema na haikuwa na mkia.

Jambo hilo tusilidharau. Bei isiyo na mkia ni kitu ambacho hata mtumishi wa Ngara angekipenda. Familia za Nairobi zinazoshuka Diani au Watamu mwezi wa Agosti na Desemba huchagua hoteli ya namna hii kwa sababu hiyohiyo: unajichangia mwaka mzima, unalipa, na watoto wakiomba soda ya nne hakuna anayekunja uso. Anayewashutumu wageni kwa kupenda mpango huu anawashutumu watu kwa kuwa na mshahara wa kawaida.

Serikali ya Hispania ya wakati ule ilikuwa na kiu ya fedha za kigeni, na fukwe zake zikajaa hoteli. Mwaka 1953 familia ya Riu ilianza na hoteli moja huko Playa de Palma, Mallorca, kisha ikashirikiana kwa karibu na wakala mkubwa wa Ujerumani, TUI. Leo kampuni hiyo ina hoteli Nungwi. Riu Jambo ilifunguliwa mwaka 2022, na ni ya kila kitu ndani saa zote ishirini na nne. Waitalia walitangulia, wakajenga vijiji vyao vya mapumziko Kiwengwa na kandokando yake, kama walivyokwisha kufanya Malindi na Watamu. Kwa hiyo mtindo uliozaliwa kwenye mahema ya Mallorca umefika Unguja kwa mikono ya Wamallorca wenyewe. Umebeba pia namna ile ile ya kufanya hesabu, na ni hesabu hiyo ninayotaka tuielewe.

Wakala mkubwa wa Ulaya hukodi ndege nzima kwa msimu, au viti vingi ndani yake. Kisha hununua vitanda, mamia kwa maelfu ya malazi, mwaka mmoja kabla, kwa bei ya jumla anayoipanga yeye. Mwenye hoteli anakubali kwa kuwa kitanda kisicholaliwa usiku wa leo hakiuziki kesho. Wakala akishakuwa na ndege na vitanda, kilichobaki kwake ni kuvijaza, na vita vya bei ya kumvutia mteja hupiganwa sokoni kwake. Kila senti inayopunguzwa kwenye tangazo la Milano lazima ipatikane mahali fulani, na hutafutwa mahali pawili: jikoni na kwenye mishahara.

Jikoni ndiko mkulima anakoachwa nje, na mara nyingi hata bila mtu kukusudia. Hoteli yenye wageni mia nane haiwezi kwenda gulioni. Meneja wa manunuzi anataka nyanya za ukubwa mmoja, kila siku, mwaka mzima, zilizopoa vizuri, zenye risiti ya kielektroniki, na analipa baada ya siku thelathini, sitini au zaidi. Mkulima wa bonde la Cheju au Bumbwini ana nyanya nzuri kwa wiki sita, halafu hana, na ada ya mtoto haisubiri siku sitini. Basi mboga nyingi za Zanzibar huvuka bahari kutoka Lushoto, Iringa na Arusha kupitia kwa mawakala wenye mtaji wa kungoja malipo, na vile vya makopo hutoka mbali zaidi. Bufee ina mantiki yake pia. Ukiwa umemwahidi mgeni ale atakavyo, unamjaza kwanza kwa vya bei nafuu: tambi, mikate, viazi, wali. Samaki wa kuchoma hupangwa mwishoni mwa meza, kukiwa na mpishi wa kumkatia.

Kahawa ndiyo inayonigusa zaidi kama mtu wa Kagera. Robusta ya mkoa wetu imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi kwa wachomaji wa Italia, ambao huihitaji kwa uzito na povu la espresso. Inakaushwa uani, inakobolewa, inasafirishwa hadi bandarini na kuvuka bahari ikiwa mbichi. Hoteli ya Kiitaliano pale Kiwengwa haiwezi kumpa mgeni wake espresso nyingine isipokuwa ile ya jina alilozoea kwao, inayofika kisiwani ikiwa imechomwa na kufungwa kwenye mkebe wa Ulaya. Huenda ndani ya mkebe huo zimo punje kutoka vilima vya Kagera. Nchi ile ile inamuuzia mgeni huyo bahari, na inauziwa kahawa yake yenyewe, wakati Bukoba kuna kiwanda cha TANICA kinachosindika kahawa tangu miaka ya sitini. Hakuna mtu mbaya wa kunyooshewa kidole katika mnyororo huu. Kila mmoja anafanya linalompunguzia hatari. Lakini jumla yake ni kwamba chakula, ambacho kingekuwa daraja kati ya hoteli na shamba, kwa sehemu kubwa kinapita juu ya kichwa cha mkulima.

Upande wa mishahara niseme kwa ufupi. Ajira za hoteli hizi ni za kweli, zina mikataba, na zimewatoa vijana wengi majumbani. Ila bakshishi imepungua sana pale ambapo mgeni hana sababu ya kubeba fedha mfukoni, na mhudumu aliyekuwa akitegemea bakshishi hiyo kuongeza mshahara anajua tofauti yake.

Sasa tufike kwenye kitu ninachokiona kuwa kiini cha mambo: tripu. Hakuna binadamu anayevumilia wiki nzima kati ya bwawa na bufee. Siku ya tatu anataka kuona. Kule kusini mwa Ulaya ndivyo ilivyo: aliye Krete hupelekwa Knossos, aliye Rhodes huzungushwa mji wa kale wa mashujaa wa vita vya msalaba, aliye Antalya hulala saa nne njiani ndani ya basi ili aone ngazi nyeupe za Pamukkale. Aliye Nungwi hupelekwa Mji Mkongwe, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hupelekwa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, kisiwa cha Changuu kwenye kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, msitu wa Jozani wenye kima punju. Wengine hurushwa kwa ndege ndogo asubuhi kwenda Mikumi au Nyerere wakaone simba na kurudi kabla ya chakula cha usiku.

Tripu ndiyo saa pekee ambayo mgeni aliyelipa kila kitu analipa tena, na analipia hapahapa. Mkanda wa mkononi haufanyi kazi nje ya geti. Ananunua maji, kikoi, embe, picha, anamlipa mwenye ngalawa, anatoa bakshishi kwa kijana aliyempandia mnazi. Kwa hiyo vita vyote vya kweli vya hoteli hizi hupiganwa juu ya swali moja: nani anauza tripu?

Mwakilishi wa wakala hukutana na wageni asubuhi baada ya kufika kwao. Anawakaribisha kwa kinywaji, anawaeleza saa za chakula, kisha anafungua daftari la tripu. Huwaonya wasinunue ufukweni. Wale vijana wa ufukweni, ambao Zanzibar huitwa mapapasi, huuza safari hizohizo kwa bei ya chini, mara nyingine kwa gari na mwongozaji yuleyule. Anayetazama kwa haraka ataona ni tamaa ya kamisheni tu. Kamisheni ipo, na ni nene. Lakini ipo pia sheria. Maelekezo ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1990, yaliyoandikwa upya mwaka 2015, yanambana mwandaaji wa safari awajibike kwa huduma zilizomo kwenye kifurushi alichouza, kiasi kwamba mteja aliyeumia kwenye basi bovu huku Afrika anaweza kumdai fidia mahakamani kwao. Mwakilishi anayeuza tripu anataka gari lenye bima, boti yenye maboya ya kujiokolea, mwongozaji mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Kijana mwenye ngalawa nzuri na ujuzi wa bahari aliorithi kwa babu yake, lakini asiye na karatasi yoyote, hawezi kuingia kwenye daftari lile hata kama mwakilishi anampenda.

Nasisitiza hili kwa sababu vijiji vingi vimepoteza miaka vikilalamikia geti la hoteli, wakati kizuizi kilikuwa kwenye bima na leseni, vitu ambavyo ushirika wa watu ishirini unaweza kuvigharamia kwa kuchanga. Pale Jozani, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, njia nyingine ilichukuliwa: sehemu ya kiingilio inagawiwa vijiji vinavyoizunguka, na watu wa Pete wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko ambayo mgeni huipita akimaliza kuwaona kima. Mgeni halazimiki kununua chochote kwa mtu yeyote. Akishakanyaga tu, kijiji kimepata.

Uturuki inatufundisha upande mwingine, tena mchungu. Tripu za Antalya zimekuwa zikiuzwa kwa bei ya kushangaza kwa unafuu wake. Siri iko kwenye vituo: basi husimama kwenye duka la mazulia, la ngozi, la vito, na duka hulipa kamisheni kwa kila kinachonunuliwa. Mgeni anatumia muda mrefu dukani kuliko kwenye magofu. Anarudi hotelini amechoka, anahisi amezungushwa, na kijiji chenye magofu hayo kimepata vumbi la basi. Dalili za ugonjwa huu zipo Zanzibar pia, pale tripu ya viungo inapofanywa dakika kumi za kunusa karafuu na nusu saa ya kuzungushwa mbele ya meza za sabuni na manukato. Anayemiliki kituo ndiye anayemiliki siku ya mgeni. Kwa eneo changa kama letu, sentensi hiyo ingeandikwa ukutani kwenye ofisi ya halmashauri.

Nchi kadhaa zimejaribu kupambana na hoteli za kila kitu ndani uso kwa uso. Gambia ilizipiga marufuku mwaka 1999, kwa hoja kwamba migahawa na madereva wa nje wanakufa njaa. Mawakala wa Ulaya walinuna, na mwaka uliofuata serikali ikaiondoa amri yake. Nadhani amri ile ilishindwa kwa kuwa ilitolewa na nchi moja ndogo yenye ufukwe unaofanana na fukwe nyingine nyingi. Ndege iligeuzwa pua tu. Visiwa vya Baleares, ambavyo Mallorca imo, vina nguvu zaidi, na mwaka 2020 viliweka kikomo cha vinywaji sita vya kileo kwa siku, vitatu mchana na vitatu usiku, kwa wageni wa kila kitu ndani katika baadhi ya maeneo yaliyochoshwa na walevi. Tangu 2016 vinatoza pia kodi kwa kila usiku mgeni anaolala. Hata hivyo Julai 2024 maelfu ya wakazi waliandamana Palma, wakilia na kodi za nyumba zisizolipika. Huko ndiko mtindo huu ulikozaliwa, na wenyeji wake wako barabarani baada ya miaka sabini na minne.

Udhaifu mwingine tumeuonja wenyewe. Mei 2014, Uingereza ilipotoa tahadhari kuhusu Mombasa, makampuni ya Thomson na First Choice yaliwaondoa wateja wao wote kwa ndege ndani ya siku chache na kufuta safari za msimu. Uamuzi mmoja wa ofisi ya mbali ulifunga majiko mengi ya pwani ya Kenya, na waliokuja kuyafungua kidogokidogo walikuwa Wakenya wenyewe. Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ilianguka usiku mmoja, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000. Hoteli za Ugiriki, Hispania na Uturuki zilibaki na wageni waliokwisha kulipa, na hela haikuwa imefika. Ndiyo maana ya kuuza yote kwa mnunuzi mmoja aliye mbali.

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka 2024, na utalii ndio unaoingiza sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Haiwezi kugeuka sasa, na sioni sababu ya kuishauri igeuke. Ninachokitaka ni kwamba sisi wa Ngara na Biharamulo, ambao bado hatujasaini chochote kikubwa, tuanze na somo ambalo pwani ilichelewa kulipata: nguvu yetu iko kwenye tripu.

Tuna nini? Tuna hifadhi yenye ziwa Burigi, tembo, twiga, viboko, na nzohe wanaojificha kwenye matete. Biharamulo lipo boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya ishirini, lingali limesimama. Na ipo Rusumo, mahali ambapo maji ya Ruvubu na ya Nyabarongo, yakiwa yameshaungana, yanabanwa na mawe na kuanguka mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Ruvubu inahesabiwa na wengi kuwa mkono wa Nile ulio mbali kuliko yote. Maji hayo hupita Kagera, huingia Ziwa Viktoria, hutoka Jinja, hushuka Sudan na Misri, na mwisho wake ni Mediterania. Mwongozaji anayejua kazi anaweza kumsimamisha Mhispania juu ya daraja na kumwambia kwamba mto ulio chini yake unaelekea bahari ya kwao. Mtu hahitaji hoteli ya nyota tano kusimuliwa hilo.

Rusumo ina simulizi nyingine, na hii naomba ishikwe kwa mikono miwili. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja lile kuingia Ngara. Benaco, Lumasi na kambi nyingine zikawa miji ya mahema kwa zaidi ya miaka miwili. Wenyeji waligawana nao visima, kuni na mashamba, na misitu iliyoliwa wakati ule bado haijarudi yote. Baadhi ya miili iliyopita kwenye maporomoko ilizikwa na watu wa pande hizi. Wageni watauliza, kwa sababu wamesoma. Ni wajibu wetu kuamua mapema simulizi hiyo itasemwa na nani, wapi, na kwa heshima gani, kabla wakala hajaiweka kwenye ratiba kati ya chakula cha mchana na duka la vinyago. Ningependa iwe mahali pa kumbukumbu panaposimamiwa na wilaya, pasipo na biashara mlangoni, na wazee walioshuhudia walipwe kwa muda wao kama walimu.

Wateja wa tripu zetu wako karibu kuliko tunavyodhani. Ng'ambo ya mto iko Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, inayosimamiwa na Rwanda pamoja na shirika la African Parks tangu 2010. Simba walirudishwa humo mwaka 2015, faru mwaka 2017, na leo ni kituo cha kawaida cha mgeni aliyekuja kuwaona sokwe. Kigali na Rusumo ni mwendo wa saa tatu hivi kwa lami. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa mwaka 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame. Njia ipo. Kinachomzuia mgeni wa Akagera asivuke kuja kwetu kwa siku moja ni viza. Tangu 2014 ipo viza moja ya kitalii ya dola 100 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haimo. Mzungu mwenye viza hiyo akitaka kusimama upande wetu wa maporomoko kwa mchana mmoja hulipa dola 50 nyingine, Mmarekani hulipa 100, kisha huanza kuhangaika kama viza yake itamruhusu kurudi. Wakala yeyote mwenye akili humwonyesha Rusumo akiwa upande wa Rwanda, na chakula cha mchana huliwa hukohuko.

Najua hoja za serikali kuhusu kutojiunga na viza ile, zikiwemo hofu za mapato na za kuwalinda waongozaji wetu wa kaskazini. Kwa Serengeti na Kilimanjaro, ambako mgeni yuko tayari kulipa chochote, hoja hizo zina uzito. Kwa Ngara hazina. Mapato ya viza ambayo hayaingii kwa kuwa mgeni havuki ni sifuri. Kinachohitajika ni kibali cha siku moja kwa vituo vya mpakani, cha bei ndogo, kinachotolewa Rusumo papo hapo kwa mgeni aliyesindikizwa na mwongozaji wa Kitanzania mwenye leseni. Sharti la mwisho lisiondolewe hata kidogo, kwa sababu bila hilo magari ya Kigali yataleta wageni, waongozaji na vyakula vyao vya mkebe, na sisi tutabaki na mandhari.

Kuhusu hoteli, itakuja. Ardhi kandokando ya Burigi ni nzuri mno kuachwa, na mwekezaji wa kwanza atakuja na mpango wa kila kitu ndani, kwani ndani ya pori ndivyo kambi nyingi zinavyouza: chakula, kitanda, vinywaji na matembezi ya gari kwa bei moja. Atakapoomba ardhi, madiwani wasikazanie kodi ya pango peke yake. Waombe kuona mpango wa manunuzi ya jiko, na uandikwe kwenye mkataba: maharage, ndizi, nyama na asali za wilaya kwa kiasi kinachopimika, na malipo ndani ya siku kumi na nne. Waandike kwamba kahawa inayoletwa mezani imechomwa mkoani Kagera. Waandike kwamba matembezi yote ya nje ya hifadhi, iwe Rusumo, boma la Biharamulo au shamba la migomba Ntobeye, yatauzwa kupitia ushirika wa waongozaji wa wilaya, hata kama hoteli itachukua kamisheni yake ya haki. Mwekezaji makini hatakataa, kwa sababu ushirika wenye bima humwondolea yeye mzigo wa sheria za kwao.

Lakini ushirika huo haupo bado, na hauwezi kuundwa wiki ya kusaini mkataba. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Mwanza. Vijana wetu wanaozungumza Kihangaza, Kishubi na Kinyarwanda, na waliokulia kwenye vilima hivi, wanajua zaidi ya nusu ya kazi ya kuongoza. Wanachokosa ni Kiingereza au Kifaransa cha kusimulia, huduma ya kwanza, na cheti. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zikitenga ada ya vijana kumi kila moja, na zikawafunga kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi nyumbani, waongozaji wenye leseni watakuwa tayari kabla mwekezaji wa kwanza hajapimiwa kiwanja.